Tangu Mbuzi Yupi

Tumemzika mdogo wangu Sefu hapa Kibaha juzijuzi tu, na sina la kumlalamikia Mungu juu ya hilo. Sefu alikuwa mzee, alikuwa mgonjwa, alikuwa amechoka. Ninayo ya kuwalalamikia watu. Jeneza lilipotolewa ndani kuletwa uani, mjukuu wangu Musa alisogea ashike mbele, kama wajukuu wanavyofanya. Kijana mmoja wa kanzu nyeupe, Shabani, mtoto wa jirani yetu niliyemnywesha uji kwa mkono wangu huu, akamwekea kiganja kifuani akamwambia, "Wewe pisha." Mbele za watu. Mbele ya maiti. Kosa la Musa ni kwamba mwaka huu alisema, kwa kinywa chake na bila kujificha, kwamba yeye haamini tena na haswali tena. Hakuiba, hakumtukana mtu, hakumkataza mtu kwenda msikitini. Alisema lililo moyoni mwake, basi. Nikapandwa na hasira mpaka masikio yakaziba. Wanawake wenzangu wakadhani ni uchungu wa kufiwa, wakaanza kunipepea kwa khanga, "Mshikeni bibi, mshikeni, ataanguka." Thubutu! Sikuwa naanguka mimi. Nilikuwa nakumbuka. Nilichomwambia Shabani nitakisema, lakini nitakisema mwisho, maana bila ya haya mengine hamtanielewa, mtaniona bibi kizee aliyevunja heshima msibani.

Hasira ile siyo ya juzi. Ina umri mkubwa kuliko Shabani na kuliko baba yake Shabani. Ilinianza mwaka niliokuwa mwali, kwetu Msimbu, wilaya ya Kisarawe, Mwingereza bado yupo bomani kule juu na bendera yake. Wasichana wa siku hizi ukiwaambia mwali alikaa ndani mwaka mzima wanakucheka. Mimi nilikaa. Chumba changu kilikuwa cha ndani kabisa, kuta za udongo, kitanda cha kamba, mtungi wa maji, na kidirisha cha kupitisha mkono tu kinachotazama uani. Mwali hatoki ila kwa haja, na akitoka hufunikwa gubigubi. Haonani na wanaume, hata baba yake mzazi. Hasemi kwa sauti wala hacheki kwa sauti. Aliyenifunda alikuwa shangazi yangu, Bi Tatu, mwanamke mkali mwenye vidole vya kufinya, na katika yote aliyonifunza hakuna alilolirudia kama hili: "Ukiulizwa jambo, inama, nyamaza. Kimya chako ndilo jibu lako. Wanaokuuliza wanajua maana yake." Nikazoea kuinama. Nikanenepa pia, maana kazi ya mwali ni kula: asubuhi uji wa mtama, mchana ugali wa muhogo na kisamvu cha nazi, na kila penye shughuli kijijini nikiletewa maini ya kukaanga, kwa sababu baba yangu ndiye aliyekuwa mchinjaji. Na kwa kuwa sikuwa na la kutazama, nikawa masikio matupu. Upande mmoja wa chumba lilikuwapo jiko alikotwanga mama, upande wa pili baraza walikokaa wanaume. Sidhani kuna mtu Msimbu nzima aliyesikia mambo ya mwaka ule kuliko mimi niliyefungiwa nisiyaone.

Baba aliitwa Kondo. Tangu kwetu mpaka Kibuta, nyama ya harusi, ya hitima, ya akika, ya Idi, yote ilipita kwenye kisu chake. Alikuwa na namna yake ya kuchinja. Kwanza alimnywesha mnyama maji. Kisha alificha kisu nyuma ya mgongo, kwenye msuli aliojifunga, mbuzi asikione. Hakuchinja mnyama mbele ya mwenzake hata siku moja. Kinoo chake kilikaa kizingitini na nikiwa chumbani kwangu nilikuwa naisikia ile sauti ya chuma na jiwe asubuhi, taratibu, bila haraka, nikajua leo kuna maini. Watu walimpenda kwa sababu hiyo. Wenye shughuli wakimwita kwa jina la heshima, wakimtengea fungu la shingo, na watoto walikimbia kumpokea kapu lake njiani.

Siku yenyewe niliiona kwa kidirisha changu. Jirani yetu Mzee Ramadhani alikuwa anamsomea mama yake hitima, akaleta beberu mwekundu uani kwetu achinjwe. Baba akamnywesha maji. Akamlaza, akamwelekeza kibla, Mzee Ramadhani akashika miguu. Kisha baba akanyamaza na kisu mkononi. Alinyamaza mpaka yule beberu mwenyewe akaacha kupiga kelele. Halafu akamfungua kamba, beberu akasimama.

"Ramadhani," akasema, "mtafute mwingine."

"Vipi? Mkono unakuuma?"

"Siumwi. Hii ni nyama ya dua ya mama yako. Anayechinja inampasa alitaje jina la Mungu na awe analiamini. Mimi siamini tena. Nikichinja mimi mtakula kisichofaa kwenu na hamtajua. Sitaki kukufanyia hivyo, wewe na marehemu mama yako."

Mzee Ramadhani akacheka. "Kondo, acha mzaha, wapishi wananingoja."

"Sifanyi mzaha, ndugu yangu."

Hebu nisikilizeni hapo, kwa sababu hapo ndipo penye moto wangu wote. Baba angeweza kusema yale maneno kwa mdomo. Yanachukua muda wa kupiga chafya. Beberu angekufa, pilau ingeliwa, watu wangeondoka wanajipangusa midomo na kumwombea heri, na mpaka leo jina lake lingetajwa vizuri. Walikuwapo pale kijijini wanaume wasioujua mwezi wa Ramadhani ila kwa kuusikia, walioonekana msikitini Idi kwa Idi, wanaokunywa tembo la mnazi kila alasiri mpaka kofia zinawaanguka, na hakuna aliyewagusa. Baba alishindwa kuwadanganya watu katika dini yao. Aliiheshimu kuliko wengi waliokuwa ndani yake. Ndicho walichomwadhibia.

Ijumaa walikuja barazani, wametoka kuswali. Walikuwapo Mwalimu Shomari, aliyekuwa akituswalisha na aliyenifundisha mimi mwenyewe kusoma Kurani, Mzee Ramadhani, na Abdala, mdogo wake baba, ambaye mimi namwita baba mdogo. Mama akawapelekea kahawa. Nikasikia vikombe vikiwekwa chini, na sikusikia kimoja kikiinuliwa. Nilitega sikio ukutani nikingoja wamuulize baba amepatwa na nini, nani kamuudhi, ana huzuni gani, maana ndivyo ndugu wanavyoulizana. Kumbe wapi! Swali la kwanza lilitoka kwa Mzee Ramadhani, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekosa usingizi.

"Kondo, tuambie. Tangu mbuzi yupi?"

"Tangu mbuzi yupi nini?"

"Tangu mbuzi yupi hukuwa unaamini? Maana umetulisha. Ng'ombe wa Idi je? Harusi ya binti yangu je, ulikuwa Mwislamu au ulikwisha kuwa hivi?"

"Sijui," akasema baba.

"Hujui vipi? Jambo kubwa hivi hulijui siku yake?"

"Wewe ukilala unaijua saa uliyopitiwa na usingizi? Niliitafuta imani yangu siku moja nikakuta haipo. Imeondoka lini, sijui. Ningejua ningekwambia, Ramadhani."

Abdala akadakia. "Na akika ya mwanangu? Sema! Usitutie mashakani!"

Waliulizana nyama alasiri nzima. Waliwataja mbuzi mmoja mmoja kwa rangi zao, na pembe zao, na waliwanunua kwa nani, watu wazima na ndevu zao, na mtu waliyekua naye pamoja amekaa mbele yao anawaambia kwamba nguzo ya maisha yake imemtoka, wao wanahesabu supu. Ni Mwalimu Shomari peke yake aliyelia. Nilimsikia akivuta makamasi. "Kondo, mwanangu," akasema, "toa shahada. Hapahapa. Hata kwa mdomo tu, moyo utafuata nyuma, na jambo hili liishie kibarazani." Naye baba akamjibu kwa upole, "Kwa mdomo tu nimeshasema sana, Mwalimu. Nimechoka kusema kwa mdomo tu." Nilimpenda Mwalimu Shomari na nampenda hadi leo, lakini sijaacha kumuuliza moyoni: ulimwomba aseme uongo kwa Mungu ili watu watulie, ewe mtu mwema?

Kijiji kikaharibikiwa. Watu waliokula nyama miaka wakaanza kushikwa na matumbo. Mwanamke mmoja akaapa kwamba yeye alikwisha kuona tangu Idi iliyopita, nyama ilikuwa na harufu. Alisahau kwamba aliiomba tena, na mama ndiye aliyempakulia. Abdala akarudia akika ya mwanawe. Mtoto mkubwa, wa kupanda mnazi, akanyolewa upya kichwa kama kichanga huku wenzake wanamcheka. Hadi hapo mtu angeweza kucheka naye. Lakini wakavuka kwenye nyama wakaja kwenye mihogo. Muhogo hauchinjwi! Muhogo haujui kibla! Lakini wa baba haukununuliwa tena gulioni. Kisimani wanawake walipomwona mama anakuja waliinua ndoo zao wakasogea. Chakula cha msibani akapewa kwenye sahani ya peke yake, iliyotiwa alama ya mkaa. Vijana wakaacha kumwamkia baba. Nilikuwa nawasikia wakipita: "Shikamoo, mama," kisha nyayo, kisha kimya pale alipokaa baba. Aliketi barazani kwake mwenyewe, nyumba aliyoijenga kwa mikono yake, wakampita kama kinu. Kila nyayo zilipopita bila shikamoo nilikuwa nauma khanga yangu kwa meno.

Halafu wakamfuata mama. Bi Tatu, dada yake baba wa tumbo moja, ndiye aliyepewa kazi ya kumwambia, akamwambia jikoni, mimi nikiwa nyuma ya ukuta.

"Kuanzia leo huyo si mumeo. Ameritadi, ameacha dini, ndoa imevunjika yenyewe. Ukae eda yako. Ukimpakulia, mpakulie kama unavyompakulia mpita njia."

Mama alikuwa anatwanga. Alizidi kutwanga.

"Unanisikia, wifi? Nakwambia kwa faida yako. Ukiendelea naye utaitwa hawara."

"Nakusikia, wifi," akasema mama, na mchi haukusimama. "Na yeye anakusikia, yuko hapo nje anakufungia kuni zako."

Baba akahamia kibandani kwenye kuku. Alihama mwenyewe, mama asitukanwe. Kutoka kidirishani nilikuwa nauona mkeka wake mchana ukianikwa juani, na mama akiukung'uta. Kidogo kidogo nikaelewa kwamba wanamvua kitu kimoja kimoja. Wamemvua kisu, wamemvua salamu, wamemvua mke. Nikawa nasubiri zamu yangu, maana nilijua nami ni kitu chake.

Ikafika. Nilikuwa nimechumbiwa na Hamisi, kijana wa Masaki ya hukohuko Kisarawe, ambaye sina ubaya naye, sikuwa namjua. Kwao wakaleta ujumbe: mwali watamchukua, mwali hana kosa, lakini yule mtu asiwe ndiye anayeozesha, na siku ya shughuli asionekane. Walimwita hivyo, yule mtu. Wazee wa kwetu wakaona ni maneno ya haki. Mwenye dini nyingine au asiye na dini hawezi kuwa walii wa binti wa Kiislamu, hilo ndilo sharti, sibishani nalo. Wakamteua Abdala. Abdala, ambaye sauti yake ikija kutoka barazani harufu ya tembo ilikuwa inaitangulia! Sheria inamtaka walii awe mtu mwadilifu, nimekuja kuisoma baadaye kwa macho yangu. Hakuna aliyeuliza tangu kibuyu kipi.

Baba alikuja kidirishani mchana mmoja, Bi Tatu ameenda kisimani. Nilimjua kwa kikohozi. "Mwanangu, usinijibu," akasema, "najua hairuhusiwi. Naenda Kibaha, kwenye mkonge, wanachukua vibarua. Nikiwapo hapa hawatakuoa, nikiondoka watakuoa. Ndivyo ilivyo. Usinililie." Akapitisha mkono. Ulikuwa na korosho za kuchoma kwenye jani la mgomba, zimeshabanguliwa, na vidole vyake vyeusi kwa mafuta ya maganda ya korosho. Sikuchukua korosho. Nilishika vidole. Nilitaka kumfokea. Nilitaka kumwambia, basi danganya, baba! Sema hayo maneno, wanayataka, wape, wote wanayasema! Lakini nilikuwa mwali, nimefunzwa, nikanyamaza. Akasema, "Olewa vizuri," akauvuta mkono wake polepole, na korosho zikamwagika ndani chini ya kitanda. Bi Tatu aliporudi aliniuliza zimetoka wapi. Nikainama.

Siku ya kutolewa mwali ngoma zililia tangu alfajiri. Nikaogeshwa, nikapakwa liwa, nikavishwa, nikabebwa mabegani nikizungushwa kijijini, na kweli nilikuwa nimenawiri, watu wakashangilia mpaka nikasahau kidogo. Nilikumbuka walipofika kwenye mbuzi. Walikuwa wamemleta mchinjaji kutoka mbali, simjui jina na sitaki kulijua. Aliwafunga mbuzi wote pamoja, akamchinja wa kwanza mbele ya wengine, kwa kisu ambacho hata nazi kisingeiumiza, akawa anakereza. Wale waliosubiri walilia kwa sauti ambayo sikupata kuisikia uani kwetu miaka yote ya baba. Hakuna aliyesema kitu. Alikuwa ametaja jina la Mungu, tena kwa sauti kubwa, basi yote yalikuwa sawa. Nyama ile ikaliwa kwa hamu.

Alasiri nikakalishwa chumbani kwangu kulekule, khanga kichwani, wanawake wamejaa mpaka mlangoni, Bi Tatu ubavuni pangu. Wanaume wakaja mlangoni: Mwalimu Shomari, Abdala, na mashahidi. Mwalimu akasafisha koo. Alikuwa mtu wa kufuata kitabu, hakuruka hata neno, na kabla ya kuniuliza akawaeleza watu, kama alivyokuwa akitueleza chuoni.

"Angekuwa baba yake mzazi ndiye anayeozesha," akasema, "idhini yake baba ingetosha. Lakini baba mdogo hana mamlaka hayo. Lazima binti mwenyewe aulizwe. Mwanangu, unampa uwakala baba yako mdogo Abdala akuoze kwa Hamisi?"

Kichwa changu kikasimama hapo. Mwaka mzima ndani, hakuna aliyeniuliza hata kama nina kiu. Sasa nilikuwa naulizwa, na nilikuwa naulizwa kwa sababu moja tu, kwamba walimwondoa baba. Angekuwapo, wasingenihitaji. Walimfukuza mtu aliyekuwa na haki ya kunitoa bila kuniuliza, haki ile ikabaki haina mwenyewe, ikaangukia mapajani mwangu. Wenyewe hawakuliona hilo. Vidole vya Bi Tatu vikanifinya paja: nyamaza.

Mwalimu akarudia swali. Nikainama. Akarudia tena, nikasikia Abdala akivuta pumzi, na harufu ikaja. Mwalimu akawageukia mashahidi. "Amenyamaza," akasema. "Kimya cha mwali ni ridhaa."

"Sijaridhia," nikasema.

Sauti yenyewe ilitoka nzito, sikuwa nimeitumia siku nyingi. Wanawake wakaguna. Bi Tatu akaniziba mdomo kwa kiganja, nami nikakiuma, ndiyo, nilimuuma shangazi yangu.

"Unasemaje, mwanangu?" akauliza Mwalimu.

"Nasema sijampa Abdala uwakala. Walii wangu yuko Kibaha anakata mkonge. Mmemfukuza ninyi. Baba yangu angetaka kuwadanganya asingekuwa huko, angekuwa hapo mlangoni uliposimama wewe, Mwalimu, na mngempa mkono. Basi na mimi siwadanganyi. Mnaniuliza kama nataka. Sitaki."

Hapo palichafuka. Mtoto wa murtadi! Shetani wa baba yake amemwingia! Abdala akataka kuingia ndani anichape, akajikwaa kizingitini, kwenye kinoo cha baba ambacho hakuna aliyekumbuka kukiondoa. Mwanamke mmoja wa upande wa bwana harusi akapiga kelele kwamba swali liulizwe tena, mwali amechanganyikiwa kwa joto. Mwalimu Shomari ningali namshukuru kwa lile alilolifanya, maana angeweza kujifanya hakusikia. Akasema, "Binti ameulizwa, binti amekataa. Hapana ndoa hapa," akachukua fimbo yake akaenda. Pilau ilikuwa imeshaliwa.

Mama hakunigombeza. Alingoja watu wapungue, akaingia chumbani, akatandika khanga kitandani akaanza kufunga: sufuria, chungu, upawa, msala wake wa kuswalia. Bi Tatu akasimama mlangoni na mkono wake uliofungwa kitambaa. "Unakwenda wapi?" "Kwa mume wangu," akasema mama, akamfunga Sefu mgongoni, mtoto mdogo wakati ule, huyuhuyu tuliyemzika juzi. Tukaondoka mchana kweupe, kwa njia ya katikati ya kijiji, na hakuna aliyetuaga. Tukapita misitu, tukavuka reli, tukauliza njia kwa watu wasiotujua, na wale wasiotujua walitupa maji kwa vikombe vyao wenyewe.

Tulimkuta kwenye makambi ya vibarua, amekaa mbele ya chumba chake, mikono imechanwachanwa na mkonge. Nikadhani atafurahi. Alikasirika! Alinifokea kama hajapata kunifokea. "Nimeondoka kwa ajili gani mimi? Nimeacha nyumba yangu kwa ajili gani? Ningekuwa nataka mje ningekaa kulekule!" Mama akamwacha amalize, akatua mzigo, akatafuta mafiga. Baba alipochoka kufoka akaniuliza kwa sauti ndogo.

"Walichinja?"

"Walichinja, baba."

"Kisu kilikuwa kikali?"

"Kibutu."

"Aliwatenga?"

"Hakuwatenga. Waliona wote."

Akaweka uso kwenye ile mikono yake akalia. Hakulia alipovuliwa kisu, hakulia kibandani kwa kuku, alilia pale, kwa ajili ya mbuzi. Mama akampikia uji.

Wakaishi pamoja hapa Kibaha hadi kifo. Mama hakuacha sala hata moja, na maji ya kutawadhia aliyemchotea ni baba, kila wakati wa sala, anamwekea kando ya msala na kuondoka asimsumbue. Walioona hivyo walimwita mama hawara vilevile. Nami nikaolewa hapahapa, na mtu aliyemwamkia baba yangu kwanza ndipo akanitazama mimi. Baba alipokufa alizikwa na vibarua wenzake, wa kila dini na wa kila kabila, na kutoka Msimbu hakuja hata mbuzi. Abdala alikufa kwa tembo, akazikwa na kijiji kizima, akasomewa hitima. Watu huniambia nisahau, nisiweke kinyongo. Nimekiweka. Mimi naswali, wajue hilo wanaodhani nasema haya kwa kuwa sina dini. Naswali sala tano, na kila ninapoinuka kwenye msala wangu nakuta hasira yangu imekaa palepale nilipoiacha.

Basi tulikuwa uani, jeneza la Sefu limeinuliwa nusu, kiganja cha Shabani kifuani kwa Musa, na wanawake wananipepea. Nikaziondoa khanga zao. Nikapita katikati ya wanaume mpaka kwa Shabani, nikamwangalia, nikamuuliza.

"Tangu jeneza lipi?"

"Bibi, hebu kaa, umechoka—"

"Nakuuliza, Shabani. Tangu jeneza lipi? Baba yako mzazi alipokufa nani alishika mbele? Mvua inanyesha, kaburi limejaa maji, nani aliyeingia mwanandani na ndoo akayachota mpaka pakakauka, baba yako akalazwa pakavu? Si huyu? Basi muulize, siku ile alikuwa anaamini au alikwisha kuacha? Muulize, hasemi uongo, ndiyo kosa lake. Akikwambia alikwisha kuacha, chukua jembe. Chukueni majembe wote. Twende kwanza tukamfukue baba yako tumzike upya, ndugu yangu atangoja."

Shabani alimtazama Musa, na Musa akafungua mdomo amjibu, maana yeye akiulizwa hujibu, lakini Shabani akatikisa kichwa upesi upesi. Hakutaka kujua. Akakitazama kiganja chake, akakiondoa. Musa akashika mbele, na Sefu akatoka nyumbani.